Nani anayejibu maswali ya nyumba yako? Namna ya kujiwekea seva ya DNS kwa Linux

Nyumba nyingi za pwani leo zina waifai. Ruta ya kampuni imepigiliwa ukutani sebuleni, taa zake zinamulika usiku kucha, na kila aliyemo ndani anapita humo: bibi anayezungumza na mwanawe aliye Dubai, binti anayefanya kazi ya shule, mpangaji wa juu anayelipia nusu ya bili. Tunajua tunalipa kiasi gani kwa mwezi na tunalijua neno la siri. Jambo wanalolijua wachache ni kwamba kila tunapofungua tovuti, kuna anayeulizwa swali kwa niaba yetu, na huyo anayeulizwa si wa nyumbani.

Swali lenyewe ni dogo: "Tovuti hii inakaa wapi?" Makala haya yanaeleza jinsi swali hilo linavyojibiwa, kwa nini ni vyema nyumba ijijibie yenyewe, na namna ya kulifanya jambo hilo kwa kompyuta kuukuu na programu ya bure.

Mgeni aliyeteremka gatini

Kompyuta hazitembei kwa majina. Zinatembea kwa nambari, mfano 192.168.1.10. Sisi binadamu tunakumbuka majina. Kazi ya DNS ni kugeuza jina kuwa nambari.

Fikiria mgeni aliyeteremka gatini Lamu akitafuta nyumba ya mtu. Hana nambari ya nyumba wala jina la njia. Anamuuliza mtu wa kwanza anayemkuta gatini. Huyu hamjui mwenye nyumba, lakini anaujua mtaa: "Nenda Langoni." Akifika Langoni anauliza barazani. Pale nao hawaijui nyumba yenyewe ila wanaujua ukoo, wanamwonyesha kichochoro. Kichochoroni anamkuta jirani anayemwambia, "Mlango ule pale." Watu watatu wameulizwa, na kila mmoja alijua hatua moja tu mbele yake.

DNS ni hivyo hivyo. Mtu wa gatini ni zile zinazoitwa seva za mzizi. Majina yake ni 13, kutoka A mpaka M, lakini nakala zake ni nyingi na zimetawanyika duniani, nyingine ziko Nairobi. Seva hizi hazijui tovuti yako. Zinajua tu ni nani anayeshika .com, nani anayeshika .org na nani anayeshika .ke. Daftari la .ke liko chini ya KeNIC, na KeNIC naye atakuelekeza kwa seva ya mwenye jina lenyewe. Huyo wa mwisho ndiye mwenye jibu.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Miaka ya 1970 majina yote ya mtandao yaliandikwa katika faili moja iliyotunzwa California, na kila mwenye kompyuta aliichukua nakala. Kompyuta zilipozidi, faili ile haikuweza tena. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mpango huu wa kila mtu kushika sehemu yake ya daftari, na maelezo yaliyotolewa mwaka 1987 ndiyo msingi wa intaneti tunayoitumia hadi sasa.

Mjumbe anayekutembelea

Simu yako haizunguki yenyewe kuuliza gatini, Langoni na kichochoroni. Inamtuma mjumbe. Katika nyumba nyingi mjumbe huyo ni seva ya kampuni inayokuuzia intaneti, au ni seva ya Google yenye nambari 8.8.8.8. Yeye ndiye anayezunguka, kisha anakuletea jibu kwa kufumba na kufumbua.

Mjumbe haoni unachozungumza ukishaingia ndani, maana tovuti nyingi siku hizi hufunga mazungumzo kwa kufuli. Lakini kila mlango uliobishwa anaujua, na saa uliyobisha anaijua. Orodha ya milango ya mwezi mmoja inasema mengi: hospitali gani, maradhi gani, mkopo wa simu mara ngapi, kamari saa ngapi za usiku. Hizo ni siri za nyumba, na tumezoea kuzikabidhi bila kujua kama tumezikabidhi.

Basi hoja ya makala haya ni moja: mjumbe huyo anaweza kuwa wako. Faida zake ni nne. Kwanza, akishapata jibu moja hulihifadhi kwa muda, kwa hiyo mtu wa pili nyumbani akiuliza lile lile hajibiwi kutoka mbali. Pili, vifaa vya nyumbani vinapata majina yao. Tatu, unaweza kumwambia mjumbe milango asiyopaswa kuipeleka nyumba yako. Nne, hakuna kampuni moja inayokusanya orodha nzima kwa kuwa wewe mwenyewe umeituma ikuulizie.

Vifaa vinavyohitajika

Huhitaji kununua mashine kubwa. Laptopu ya zamani iliyovunjika kioo inatosha, na kwa mazingira yetu ndiyo bora, kwa sababu nitakayoieleza chini. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi pia inafaa. Weka ndani yake Linux. Hapa nimechukua Debian, ambayo ni ya bure na haina makeke. Iunganishe na ruta kwa waya, si kwa waifai, ili isipotee mawimbi yakilegea.

Kisha ingia katika ukurasa wa ruta, mara nyingi ni 192.168.1.1, utafute sehemu ya kuhifadhi anwani, uipe kompyuta hiyo nambari isiyobadilika. Katika mfano wetu nimeipa 192.168.1.10. Mjumbe anayehama kila siku hapatikani, ndiyo maana hatua hii haikwepeki. Ruta yako ikitumia nambari za aina nyingine, mfano 192.168.0.1 au 192.168.100.1, badilisha zote zinazofuata zilingane nayo.

Kuweka programu

Programu tutakayotumia inaitwa Unbound. Imetengenezwa na NLnet Labs wa Uholanzi, ni ya bure, na inajua kuzunguka yenyewe kuanzia seva za mzizi. Andika amri hizi:

sudo apt update
sudo apt install unbound bind9-dnsutils

Ya kwanza inasasisha orodha ya programu. Ya pili inaleta Unbound pamoja na chombo cha kupimia kiitwacho dig. Ikimaliza, Unbound itakuwa inafanya kazi tayari, lakini inaisikiliza kompyuta yake peke yake. Ili iisikilize nyumba nzima, tengeneza faili mpya:

sudo nano /etc/unbound/unbound.conf.d/nyumbani.conf

Ndani yake andika:

server:
    interface: 127.0.0.1
    interface: 192.168.1.10
    ip-freebind: yes
    access-control: 127.0.0.0/8 allow
    access-control: 192.168.1.0/24 allow
    prefetch: yes
    local-zone: "home.arpa." static
    local-data: "printa.home.arpa. IN A 192.168.1.20"
    local-data: "kamera.home.arpa. IN A 192.168.1.21"

Mistari ya interface inasema mjumbe akae wapi kusubiri maswali. Mistari ya access-control inasema nani aruhusiwe kuuliza: walio ndani ya nyumba tu. Usiulegeze mstari huu hata siku moja. Seva ya DNS inayomjibu kila mtu duniani hutumiwa na wahalifu kuwarushia wengine mafuriko ya majibu, na wewe ndiye utakayeonekana mkosaji. Prefetch inamfanya mjumbe ayafanye upya majibu yanayoulizwa sana kabla hayajaisha muda.

Mistari ya mwisho ndiyo daftari la nyumba. Badala ya kukariri kwamba printa ni 192.168.1.20, sasa inaitwa printa.home.arpa. Bila shaka printa na kamera nazo zihifadhiwe nambari zao katika ruta kama tulivyofanya kwa seva. Usibuni mwisho wako, mfano .nyumbani, wala usitumie .local ambao una kazi nyingine. Jina home.arpa lilitengwa rasmi mwaka 2018 kwa ajili ya mitandao ya nyumbani, na haliwezi kugongana na la mtu.

Hifadhi faili, ikague, kisha uiwashe upya Unbound:

sudo unbound-checkconf
sudo systemctl restart unbound

Amri ya kwanza ikinung'unika, itakutajia mstari wenye kosa. Mara nyingi ni nukta mbili iliyosahaulika au alama ya kunukuu isiyofungwa.

Kupima kabla ya kuamini

Usiiguse ruta bado. Pima kwanza ukiwa hapo hapo kwenye seva:

dig @192.168.1.10 printa.home.arpa
dig @192.168.1.10 kenic.or.ke

Jibu la kwanza likuonyeshe nambari ya printa. La pili likuonyeshe nambari ya tovuti, na chini kabisa utaona muda uliotumika kwa mafungu elfu ya sekunde. Rudia amri hiyo ya pili papo hapo. Mara ya kwanza huenda ikachukua mia na zaidi, maana mjumbe amezunguka mwenyewe. Mara ya pili itashuka karibu na sifuri, kwa kuwa jibu tayari liko nyumbani. Ndiyo maana siku ya kwanza mambo yataonekana mazito kidogo, kisha yakachangamka.

Kipimo cha tatu ni hiki:

dig @192.168.1.10 dnssec-failed.org

Hapa unatakiwa ukataliwe, uone neno SERVFAIL. Jina hilo liliwekwa makusudi likiwa na saini mbovu. Unbound ya Debian hukagua saini za majibu, ili mtu asikuletee jibu la uongo na kukupeleka kwenye benki bandia. Ikilikataa, ujue mlinzi yuko macho.

Kuitambulisha nyumba

Sasa rudi katika ukurasa wa ruta, sehemu ya DHCP, mahali pa DNS. Andika 192.168.1.10. Zima na uwashe waifai za simu, na kila kifaa kitaanza kumtumia mjumbe mpya.

Kuna mtego hapa unaowanasa wengi. Ruta itakupa nafasi ya DNS ya pili, na mkono utataka kuandika 8.8.8.8 "kwa dharura". Usiandike. Simu hazisubiri wa kwanza ashindwe ndipo ziende kwa wa pili. Nyingine huuliza yeyote kati yao. Utajikuta printa inapatikana asubuhi na kupotea mchana, na tovuti ulizozifunga zikifunguka mara moja moja. Ama uweke seva ya pili ya kwako yenye faili ile ile, ama uiache nafasi hiyo tupu.

Ruta nyingine za kampuni zimefungwa sehemu hiyo. Hapo una njia mbili: kuweka 192.168.1.10 kwa mkono katika kila simu na kompyuta, au kununua ruta yako na kuiunganisha nyuma ya ile ya kampuni. Ukichagua ya pili, seva iwe chini ya ruta yako mpya. Kama mtandao wako unatumia pia IPv6, angalia ruta isiwe inatangaza DNS yake kwa njia hiyo, maana vifaa vitapitia mlango huo wa nyuma.

Milango ya kufunga

Wazazi wengi watakuja kwa sababu ya sehemu hii. Kuifunga tovuti ni mstari mmoja katika faili ile ile, mfano:

    local-zone: "tovutimbaya.com." always_nxdomain

Mjumbe ataulizwa, naye atajibu kwamba jina hilo halipo. Mstari mmoja unafunga jina hilo pamoja na yote yaliyo chini yake. Tovuti za kamari unazozijua unaweza kuziorodhesha kwa dakika tano.

Picha chafu ni bahari, huwezi kuiorodhesha kwa mkono. Kuna njia mbili za kusaidia. Ya kwanza ni kuilazimisha Google itafute kwa usalama:

    local-data: "www.google.com. IN A 216.239.38.120"
    local-data: "www.google.co.ke. IN A 216.239.38.120"

Nambari hiyo Google wenyewe wameitenga kwa utafutaji uliochujwa. Ya pili ni kumwambia mjumbe wako asizunguke mwenyewe bali aulize seva inayochuja, kama 1.1.1.3 ya Cloudflare, inayozuia tovuti za ngono na zenye virusi. Lakini pima vizuri: ukifanya hivyo umeirudisha orodha ya milango kwa kampuni moja. Nyumba yenye watoto wadogo huenda ikaona ni bei inayofaa. Nyumba ya watu wazima watatu huenda isione hivyo. Uamuzi ni wa wenye nyumba.

Ongeza pia mstari huu:

    local-zone: "use-application-dns.net." always_nxdomain

Firefox ikiona jina hilo halipo, inaelewa kwamba mtandao huu una DNS yake, na haipeleki maswali kwingine kwa chaguo lake yenyewe. Hata hivyo, mtoto aliyefika kidato cha tatu atajua kuweka DNS nyingine katika simu yake, au atazima waifai na kutumia bando. Mlango uliofungwa unamzuia mdogo asiangukie alichokuwa hakitafuti. Aliyekusudia kutafuta anahitaji mazungumzo na mzazi wake, si mstari katika faili.

Stima ikipotea, waya ukikatika

Maelekezo mengi ya jambo hili yameandikwa na watu ambao stima haiwapotei. Kwetu hapa mambo matatu lazima yafikiriwe mapema, kwa sababu mjumbe akilala, nyumba nzima itasema intaneti imekufa, hata kama waya wa kampuni ni mzima.

La kwanza ni stima yenyewe. Hii ndiyo sababu nimeisifu laptopu kuukuu: betri yake, hata iliyochoka, inaivusha dakika chache za giza bila kuzimika ghafla. Raspberry Pi haina betri, na kadi yake ya memori ikikatiwa stima ikiwa katikati ya kuandika inaweza kuharibika. Ukiitumia, iwekee betri ndogo ya akiba pamoja na ruta, na uiweke nakala ya nyumbani.conf mahali pengine.

La pili ni kuamka. Stima ikirudi, seva huweza kuwaka haraka kuliko ruta. Inakuta bado haijapewa nambari yake 192.168.1.10, na bila ule mstari wa ip-freebind Unbound ingekataa kuanza. Mstari huo unamruhusu mjumbe akae mahali pake hata kabla nambari haijafika.

La tatu ni saa. Raspberry Pi nyingi hazina saa inayotembea zikizimwa. Ikikaa siku kadhaa bila stima, inaamka ikidhani bado ni siku ile ile. Saini za DNS zina tarehe, kwa hiyo Unbound inaweza kuyakataa majibu halali ikidhani tarehe yake haijafika. Na ili irekebishe saa, kompyuta inahitaji kutafuta seva ya saa kwa jina. Saa inangoja jina, jina linangoja saa. Dawa yake ni kuiongezea kijisaa chenye betri, au kuirekebisha saa kwa mkono. Laptopu haina tatizo hili maadamu betri yake ndogo ya ndani haijafa.

Kisha kuna bahari. Nyaya zinazoileta intaneti Kenya zinatua hapa hapa Mombasa: TEAMS na SEACOM zilifika mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010. Mwezi Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja, na Afrika Mashariki nzima ikalemaa. Hakuna seva ya nyumbani inayoweza kuunganisha waya uliokatika chini ya bahari. Lakini daftari la nyumba yako halipiti baharini. Printa itaendelea kuitwa printa, kamera ya mlangoni itaonekana, na faili zilizo katika kompyuta ya nyumbani zitafunguka kwa majina yake.

Kisichowezekana, na amana iliyobaki

Seva hii haikufichi kabisa. Kampuni inayokuuzia intaneti bado inaona nambari unazozifikia, na ikitaka kuyachungulia maswali ya mjumbe wako yakiwa njiani inaweza, kwa sababu kwa kawaida hayafungwi. Haitakuongezea kasi ya video wala kupunguza bili. Faida yake ni kwamba chaguo la nani aulizwe, lililokuwa limefanywa na wengine bila wewe kuulizwa, limerudi kwako.

Na hapo ndipo penye jambo zito kuliko amri zote. Mjumbe akiwa nyumbani, orodha ya milango ya kila mtu inapita katika mashine yako. Mke, mama, dada, mpangaji wa juu, wote wanauliza kupitia kwako. Unbound kwa desturi yake haiandiki maswali hayo popote. Kuna mstari uitwao log-queries, ukiuwasha ataandika kila kitu. Uache ulivyo. Waambie walio nyumbani kwamba umeweka seva, inafanya nini, na milango gani umeifunga, ili anayepinga aseme. Dada anayesoma usiku kuhusu maradhi yake anastahili sitara ile ile unayoitaka wewe. Ukiitoa siri ya nyumba mikononi mwa kampuni kisha ukaitia mikononi mwa mtu mmoja mdadisi wa chumba cha pili, hujamhifadhi mtu.